Chemli Mbili za Mkwe Wangu

Sehemu ya tisa

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalimaliza, nakufupishia. Jina langu ni Masalu, wa hapa Bariadi. Nilikuwa karani wa mnunuzi binafsi wa pamba, mpaka usiku nilipoisahau chemli inawaka ndani ya ghala. Ghala likaungua, nami nikafukuzwa kazi. Mwezi uleule mke wangu Elina akajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume wa miezi saba, akapelekwa kuuguzwa kwao Kasoli. Mimi nikabaki mjini nikitafuta kazi yoyote, nikapata ya kuuza taa.

Msomaji mmoja wa Nyalikungu, kule Maswa, amenitumia ujumbe. Anasema nina moyo wa jiwe, maana nilisimulia ghala kuungua na mwanangu kuzaliwa kwa sauti ileile.

Ni kweli. Tangu lile ghala, ndani yangu kumekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Najua mguu upo, ila siusikii.

Lakini msomaji wangu amewahi mno kunihukumu. Angesubiri kwanza ya wiki hii.

Ilikuwa Juni, mwaka 2013. Taa za LED zilikuwa zimeingia mjini kwa kasi, kila mtu anazo. Kinyozi anazo, mwenye kibanda cha kutuma pesa anazo, vijana wa bodaboda wamezibandika za bluu chini ya injini. Kule Kalemela wavuvi wa dagaa walikuwa wanaziweka karabai zao juu ya dari na kuingia ziwani na taa za betri. Biashara ilikuwa huria, na mwanga nao ukawa huria. Mwenye kibegi na mdomo aliuza.

Mimi nilikuwa na vyote viwili.

Zangu zilikuwa taa ndogo za sola za nyumbani. Unaianika juani mchana, usiku inawaka, na pembeni ina tundu la kuchaji simu. Mteja akileta chemli yake kuukuu anapunguziwa bei, na chemli inakwenda jumla, isirudi tena kumjazia moshi nyumbani. Wakala atakayekusanya chemli nyingi zaidi mpaka Jumamosi jioni, kampuni ilisema, atapewa pikipiki mpya.

Niliitaka ile pikipiki kwa sababu moja. Muuguzi wa zahanati alituambia mtoto asipate baridi hata kidogo, na kila wiki apelekwe kupimwa uzito. Usafiri wa kukodi kutoka Kasoli ulikuwa umetushinda. Wiki mbili zilishapita hajapimwa. Nikajiambia, nikiipata pikipiki, mwanangu ataishi. Sikujiambia kwa uchungu wala kwa matumaini, nilijiambia tu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na chemli hamsini na sita. Imrani, wakala mwenzangu wa upande wa stendi, alikuwa na sitini.

Nikaanzia kwa Mama Felisita.

Huyu ni mjane wa mtaani kwetu, mtu wa kanisani, aliyekuwa ameagiza vifaranga mia mbili kutoka Mwanza. Walikuwa na siku sita. Aliwaweka kwenye chumba cha uani, na katikati yao chemli tatu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu, yaani za asubuhi, mama.

"Mwangaluka. Mhola?" Yaani, ni salama?

"Mhola. Nimekuletea mwanga usio na moshi."

"Ungekuja jana. Huu moshi unanimaliza kifua, na vifaranga nao wanapiga chafya." Akaichukua taa, akaigeuzageuza. "Inapendeza. Ila joto lake, Masalu? Hawa wadogo wanataka joto."

"Lipo, mama."

Nieleze kidogo hilo neno. Anayeuza kwa kutembea huulizwa maswali mia kwa siku. Inachaji simu? Inachaji. Maji yakiingia? Hayaingii. Kioo kipo? Kipo. Mwisho mdomo unajibu wenyewe, kichwa kiko kwingine. Mama Felisita aliuliza joto, nikasema lipo, huku nikizitazama zile chemli tatu na kujumlisha.

Hamsini na tisa.

Saa tisa alasiri nilikuwa Kasoli.

Hapa wasomaji wa pwani wanivumilie. Jina la mkwe wangu siliandiki, maana kwetu mama mkwe hatajwi jina. Huli naye, humpi mkono, humtazami usoni. Akipita, unapisha. Chumba anacholala huingii hata nyumba ikiwaka.

Na Elina alikuwa amelazwa humohumo, chumbani kwa mama yake, yeye na mtoto. Kwa hiyo mwanangu alikuwa na siku kumi na tisa duniani na nilikuwa nimemwona mara moja tu, pale zahanati. Jina hakuwa nalo. Mkwe alisema asipewe jina mpaka ashike uzito.

Alinipokea shangazi yake Elina, Mhoja, mwanamke mcheshi ambaye ndiye huwa anapeleka maneno kati yangu na mkwe.

"Mwadila, shangazi," nikamsalimia, salamu ya jua likishapinduka.

"Mwadila, mkwe. Mhola?"

"Mhola. Mtoto anaendeleaje?"

"Ananyonya kidogo kidogo. Elina ana homa, hawezi kukaa naye kifuani kama alivyoelekezwa. Bibi yake kachambua pamba nyeupe kabisa, kaitoa mbegu moja moja, kaipanga kwenye boksi la sabuni. Kijana kalala humo kama mfalme."

"Na hii harufu ya mafuta ya taa, mchana wote huu?"

"Chemli mbili. Moja huku, moja huku. Hazizimwi."

Pamba na chemli. Nikaliona lile ghala, nikaliona paa linavyojikunja.

"Shangazi, mnataka kuniunguzia mtoto?"

"Hayo ya bibi yake. Mwambie mwenyewe." Akacheka, maana alijua siwezi.

Mkwe alikuwa palepale, hatua sita kutoka kwangu, nyuma ya ukuta wa matofali ya udongo. Nilimsikia akikohoa. Dirisha la chumba lilikuwa limezibwa kwa magunia. Nami sikuwa na ruhusa ya kusogea nikachungulia.

Sasa nakiri. Niliogopa moto, na hilo ni la kweli. Lakini palepale, pembeni ya hiyo hofu, kulikuwa na hesabu: hamsini na tisa na mbili ni sitini na moja. Kipi kilitangulia, sijui. Nimejiuliza sana tangu siku ile, sipati jibu.

Nikatoa taa mbili kwenye kibegi.

"Wapelekee hizi. Ni zawadi. Halafu niletee hizo chemli, nisizione tena karibu na mwanangu."

Shangazi Mhoja akaingia. Nikasikia minong'ono ya wanawake watatu. Kisha sauti ya Elina, imechoka, ikapenya kwenye magunia.

"Masalu?"

"Naam."

"Mama anauliza hizi joto zinatoa?"

Wateja wangu wote walikuwa wananiuliza maswali hayohayo. Sikufikiri hata kwa kufumba na kufumbua.

"Lipo. Zina nguvu kuliko chemli mbili."

Halafu Elina tena, "Mama anasema wewe ndiye uliyesoma, unajua. Anasema wabeja, anashukuru."

Mama mkwe habishani na mkwe wake. Hata kama angekuwa ameziweka zile taa mkononi muda uleule na kuziona zimepoa, asingetoka nje kuniambia. Kunibishia ni kunivunjia heshima, na yeye ni mwanamke anayejua heshima.

Chemli zikatolewa. Moja ilikuwa na mpini wa waya wa baiskeli. Nyingine tangi lake lilivuja, wameliziba kwa kipande cha sabuni ya mche. Vioo vilikuwa vya moto, havishikiki, ikabidi nikae juu ya kinu nisubiri vipoe.

Nilikaa karibu nusu saa. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza, ule wa Juni, watu wanalala na makoti. Nikaweka viganja vyangu juu ya kile kioo ili nipate joto.

Naomba mrudie kusoma hiyo sentensi. Mimi mwenyewe niliota moto kwenye chemli ya mwanangu, nikiwa nangojea kuiondoa.

Kisha nikaaga, nikapanda bodaboda, nikarudi mjini mshindi.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, watu walijaa uwanja wa soko. Kampuni ilileta lori, spika mbili na bwana mmoja wa mauzo kutoka Mwanza, Januarius, mwenye tai na sauti ya kutangaza mpira. Chini, kando ya lori, chemli zote zilizokusanywa wilaya nzima zilipangwa kama watu kwenye foleni. Pikipiki nyekundu ilisimamishwa juu, imefungwa utepe.

"Imrani, sitini!" Makofi. "Masalu, sitini na moja!"

Nikapanda juu ya lori. Makofi yalikuwa mengi, na nilitambua kwamba ningetakiwa kufurahi.

"Mshindi wetu atuonyeshe ile kazi yake," Januarius akasema, akanipa taa na kipaza sauti.

Ile kazi yangu ni hii. Kila siku, kila mtaa, huwa naiwasha taa mpaka mwisho, nasubiri kidogo, halafu naibandika shavuni. Watu hushtuka, wamezoea taa inayounguza. Mimi natabasamu nayo shavuni.

"Mnaona? Haiunguzi!" nikasema. "Hata mtoto mchanga analala nayo."

"Ndiyo hivyo," mtu akajibu kutoka chini. "Haiunguzi wala haipashi."

Alikuwa Mama Felisita, bado na kitenge chake cha kanisani. Kichwani alibeba tenga. Watu wakampisha. Akalitua mbele ya lori, akatoa kanga juu yake.

Vifaranga. Manyoya ya njano yamelowana, shingo zimelegea. Tenga lilikuwa limejaa.

"Wamebaki kumi na mmoja," akasema. Hakuwa anapiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Januarius akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akaninong'oneza bila kuacha kutabasamu. "Sema ni mdondo. Sema haraka."

Mdondo ndio ugonjwa unaoua kuku huku kwetu kila kiangazi. Kila mtu anaujua na hakuna wa kuulaumu.

"Pole, mama," nikasema kwenye kipaza sauti. "Huo ni mdondo. Umepita mtaa mzima."

"Mdondo haurundiki vifaranga kwenye kona, Masalu. Nimewakuta wamepandana, wanatafutana joto. Wa chini wamekosa hewa, wa juu wamekufa kwa baridi." Akaweka mkono kiunoni. "Nilikuuliza joto. Ukasema lipo."

Taa bado ilikuwa shavuni kwangu.

Hapo ndipo nilipojua. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Shavu lilikuwa linanieleza, ubaridi wa plastiki, ubaridi niliouuza kwa wiki mbili kama sifa ya taa. Nilikiona kile chumba nisichowahi kuingia. Boksi la sabuni, pamba nyeupe, na kila upande taa nyeupe inayowaka vizuri.

Na sasa, msomaji wa Nyalikungu, hapa ndipo unichukie.

Nilijua, na bado nikasema tena, "Ni mdondo, mama. Kampuni itakuangalia."

Nilisema kwa sababu Januarius alikuwa ameshika ufunguo. Nikajiambia, ukipewa huu ufunguo sasa hivi, utafika Kasoli haraka kuliko mtu yeyote. Uongo mmoja zaidi, halafu pikipiki, halafu mtoto. Niliona kama ni mpango mzuri. Moyo haukunienda mbio hata kidogo. Ningetamani kuwaambia kwamba nilitetemeka.

Nikapewa ufunguo. Nikapigwa picha ya kwanza, Januarius akafumba macho, tukarudia. Nikaambiwa nitoe maneno mawili ya shukrani, nikatoa kama ishirini. Kisha vijana watatu wenye nyundo wakaanza kuvunja chemli, ndiyo sehemu watu waliyoisubiri. Vioo vikalia. Watu wakashangilia.

Niliiona ile yenye mpini wa waya wa baiskeli ikipondwa. Iliyozibwa kwa sabuni ilikuwa inafuata.

"Hiyo iacheni!" nikasema. "Nairudisha mwenyewe!"

Hakuna aliyenisikia, kwa sababu kipaza sauti alishakichukua Januarius. Kijana akashusha nyundo.

Nikairukia pikipiki. Nikang'oa utepe, nikaweka ufunguo. Ukaingia nusu, haukuzunguka. Nikautoa, nikautazama. Ulikuwa wa kufuli.

"Taratibu, mshindi," Januarius akasema, kipaza sauti akiwa amekizima. "Huo ni wa picha. Hii pikipiki ni ya maonyesho, kesho iko Maswa. Ya kwako itakuja na gari la mwisho wa mwezi."

"Nina mgonjwa Kasoli."

"Hongera sana, lakini," akanijibu. Alikuwa hasikilizi. Alikuwa ananijibu kama mimi ninavyowajibu wateja.

Nikashuka kwenye lori. Nilisimama katikati ya vioo na mafuta ya taa yaliyomwagika. Watu walikuwa wanaondoka, wengine wananipa mkono. Imrani alinipongeza kwa ukunjufu kabisa, na nilimwitikia.

Mama Felisita hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa kando ya tenga lake, anawafunika upya vifaranga kwa kanga, kama vile bado wangeweza kupata baridi. Nikamfuata. Sijui kwa nini nilimfuata yeye.

"Mama, si mdondo."

"Najua."

"Taa haina joto. Nilikuwa najua haina. Kila siku naiweka shavuni."

Alinitazama muda mrefu. Nilingoja anitukane, maana alikuwa na haki hiyo, na vifaranga wale ndio walikuwa mwaka wake mzima. Badala yake akauliza jambo moja.

"Kuna mwingine uliyemwambia lipo?"

Nikatazama vioo vilivyovunjika miguuni pangu.

"Masalu. Nani mwingine?"

"Mwanangu."

Alisimama. Alijua habari za mtoto, walikuwa wamemwombea kanisani. Akaitoa simu yangu mwenyewe kwenye mfuko wa shati langu, akanipa mkononi.

"Piga."

"Simu ya Elina haina chaji wiki nzima."

"Piga hivyohivyo."

Nikapiga. Ikaita. Nilishangaa, halafu nikaelewa. Zile taa zina tundu la kuchaji. Hilo nalo niliahidi, na hilo lilikuwa kweli.

"Haloo."

Haikuwa sauti ya Elina. Ilikuwa ya mkwe wangu. Miaka minne ya ndoa, hajawahi kusema nami neno moja bila mtu katikati.

"Mwangaluka, mayu," nikasema.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola," nikajibu. Hata hapo nilijibu mhola.

"Taa tumeziona. Zinawaka vizuri. Wabeja." Alisema polepole, kwa adabu, na nilijua kwamba huko aliko amegeuza uso pembeni kama vile nimesimama mbele yake.

"Elina yuko wapi?"

"Homa imempanda. Amelala. Shangazi yake amekwenda kumtafutia dawa."

"Na mtoto?"

"Ametulia. Jana jioni alilia sana. Usiku akaacha. Toka hapo hajalia."

"Amenyonya?"

Hilo ni swali ambalo mkwe hamwulizi mama mkwe.

"Tumemwacha apumzike."

"Mayu. Zile taa hazina joto."

Nilisikia upepo ukipiga magunia dirishani kwake. Mpaka leo nakumbuka hayo magunia.

"Ulisema lipo," akasema mwishowe. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananikumbusha tu, kama mtu anayerudisha kitu ulichosahau kwake.

"Nilidanganya."

Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli kumwambia mtu wa ukoo ule. Na nilipolitamka, ganzi ikaachia. Iliachia yote mara moja, kuanzia tumboni, kwa maumivu yale ya mguu damu inaporudi, ila huu haukuwa mguu. Nikapiga magoti palepale kwenye vioo. Nilitaka ganzi irudi, haikurudi.

"Mayu, nisikilize," nikasema, na sasa nilikuwa napiga kelele. "Mtoe kwenye boksi. Mvue nguo. Na wewe vua nguo, umweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mjifunike blanketi. Sasa hivi!"

Kila aliyekuwa karibu alisikia ninayezungumza naye ni nani, na kila aliyesikia alisikia nimemwambia avue nguo. Mzee mmoja alitema mate chini, akageuka. Huko Kasoli wanaweza kunitoza ng'ombe kwa maneno yale, na sitabisha.

Mkwe wangu hakukata simu. Nilisikia akiiweka juu ya kitu cha mbao.

Mama Felisita alichuchumaa kando yangu, akasogeza sikio lake kwenye simu. Alinuka manyoya na mafuta ya taa. Tukasikiliza wote wawili.

Tukasikia hatua za ndala. Tukasikia boksi likiburutwa sakafuni. Kisha hata magunia yalitulia, na mtoto hakusikika akilia.

Halafu mkwe wangu akaita jina. Halikuwa la mtoto, maana mtoto hakuwa nalo. Aliita kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa bila kutaka kumshtua.

"Elina," akaita. "Elina, amka."